Wimbo wa Mwisho wa Upande B

Safari hii niliifunga kwa sababu ya aibu, na afadhali niseme hivyo tangu mwanzo kuliko kusingizia kazi. Wenzangu wa Miyuji mnajua kwamba kila Jumamosi ya mwisho ya Desemba tunakusanyika kwenye baraza ya jirani yangu fundi cherehani, kila mtu na kanda zake ndani ya mfuko wa plastiki, nami husoma orodha yangu ya kanda kumi bora za mwaka. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Niliianza mwenyewe mwaka niliohamishiwa Dodoma kutoka Tanga, nikiwa karani wa masjala asiye na ndugu mjini, na nadhani niliianza ili watu wapate sababu ya kunitembelea.

Miaka ya nyuma kazi ilikuwa rahisi, kwa kuwa wimbo mpya tuliusubiri redioni na redio ilikuwa moja. Tangu mambo yawe ruksa, kanda zinaingia sokoni pamoja na mitumba na sabuni za nje, na mtu akitaka kuzisikiliza zote itabidi aache kazi. Mwaka huo nilisikiliza arobaini na kitu. Nafasi ya kumi niliwapa vijana wa Dar es Salaam wanaoghani kwa haraka juu ya midundo ya Kimarekani, maneno makali, sauti bado zinavunjika. Ya sita ilikuwa kwaya moja ambayo mwimbaji wake wa besi ananifanya nisimamishe kijiko mdomoni. Ya pili ilikuwa taarabu ya kwetu Tanga, na nakiri niliinyima ya kwanza ili nisiambiwe najipendelea.

Ya kwanza ilikuwa bendi ya dansi ya Dar. Nyimbo zao nane za mwanzo ni nzuri kama dansi lilivyo zuri, magitaa yanajibizana na matarumbeta yanaingia kwa wakati. Ila wimbo wa mwisho wa upande B ndio ulionimaliza. Magitaa yananyamaza kabisa. Linasikika zeze peke yake, kisha mwanamke anaimba kwa Kigogo, taratibu, na mwishoni wimbo unakatika ghafla, pap, kabla hujajiandaa. Niliandika karatasi nzima juu ya wimbo ule, nikiuita wimbo wa mahaba. Niliusifu ujasiri wa bendi kubwa kumaliza kanda kwa zeze la bara. Kule kukatika nako nilikuita ufundi wa hali ya juu, na nikaongeza kwamba wanamuziki wengine wajifunze kunyamaza.

Jumatano, mapumziko ya saa nne, nilimsomea karatasi hiyo Bi Tunu, mpiga chapa wa ofisini kwetu. Bi Tunu hupingana na orodha yangu kila mwaka, na ndiyo maana naanza naye. Safari hii hakupinga. Alifungua pochi akatoa kanda ileile, halisi, aliyonunuliwa Dar na kaka yake, yenye picha ya bendi na majina ya nyimbo.

"Hesabu upande B," alisema.

Nikahesabu. Nyimbo nne. Yangu mimi ilikuwa na tano.

"Mwanamke wako wa zeze yuko wapi hapo?" aliuliza. "Jumamosi nitakuja mapema nipate kiti cha mbele."

Nilihisi masikio yanawaka. Nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikamwambia mkuu wangu kuna jambo la kifamilia. Mungu anisamehe, ingawa baadaye halikuwa mbali sana na ukweli.

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa nimesimama mbele ya kibanda cha Sudi karibu na soko. Sudi ndiye anayeninakilia kanda, maana halisi bei yake si ya karani. Ana deki mbili, spika iliyopasuka, na subira ndogo. Nilipomuuliza juu ya wimbo wa tano alinitazama kwa huruma.

"Bwana Masjala, kanda tupu ni ya dakika tisini. Albamu imekwisha dakika ya themanini na tano. Mteja akikuta kimya mwishoni anafikiri nimempunja. Kwa hiyo najazia."

"Unajazia na nini?"

"Chochote kilicho karibu. Ule wa zeze aliuleta mwalimu mmoja wa Bahi, Mwalimu Ndahani, alitaka nakala. Nikaona mtamu, nikabakiza wangu. Nimeujazia kwenye kanda nyingi tu, na wewe ndiye wa kwanza kuuliza."

Kwa hiyo kanda yangu bora ya mwaka ilikuwa imetungwa na Sudi. Ningeweza kurudi nyumbani, nikafuta karatasi yangu, nikaipandisha taarabu, na yakaisha. Lakini nilikuwa nimeishi na sauti ile tangu Agosti. Nilikuwa naipiga nikipiga pasi. Sasa nilijua kuna mtu mwenye sauti hiyo, umbali wa mwendo wa nusu siku, na udadisi ukanishika kuliko hata aibu. Nilinunua betri nne, nikachukua redio kaseti yangu ndogo, nikaenda kutafuta gari.

Saa nne niliondoka juu ya lori la mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka Bahi sukari na marobota ya mitumba. Kwenye robota nililokalia kulikuwa na makoti ya baridi kali, sijui nani Bahi angeyavaa, lakini kwa kukalia yalifaa. Tulipoipita Kizota mji uliisha mara moja, ikabaki miiba, vichuguu na mbuzi wanaotazama gari kama wanalisubiri. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na barabara ilikuwa na madimbwi. Mara mbili tulishuka wote kusukuma. Kisha ardhi ikaanza kulala chini, ikapakwa kijani, na maji yakaonekana mbali yakimeta. Mimi ni mtu wa Tanga, najiona najua maji, lakini sikutegemea kuyaona mengi namna ile katikati ya Ugogo.

Saa nane mchana nilishuka Bahi, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa nilielekezwa mashambani. Mwalimu Ndahani nilimkuta kwenye jaruba lake la mpunga, matope hadi magotini, mtu mwembamba wa umri wangu. Alipoona suruali yangu ya ofisini uso wake ulibadilika.

"Umetoka Dodoma? Ni habari za uhamisho?"

"Hapana, Mwalimu. Ni habari za wimbo."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Alisema tangu aanze kazi hajawahi kufuatwa na serikali kwa habari nzuri kama hiyo. Nilimpigia ule wimbo palepale kwenye tuta. Kicheko kikamwisha.

"Huyu ni mama mkubwa wangu, Mama Sechelela," alisema. "Huu si wimbo wa kuuza, ndugu yangu. Hii ni barua."

Jioni, tukila ugali wa uwele na mlenda kwake, alinieleza. Mama Sechelela alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, Yona. Miaka mitatu iliyopita Yona alikuwa akichunga, akawaacha ng'ombe wa baba yake ukingoni mwa mbuga, akaenda madukani. Waliingia kwenye tope. Watano hawakutoka. Kijana hakurudi nyumbani hata kuaga. Alipita njia ya Arusha na ikasikika yuko Mererani machimboni. Baada ya mavuno ya mwaka huu wazazi wake walimwomba Mwalimu alete redio kaseti ya shule. Watu wengi huku hutuma kanda badala ya barua, kwani sauti haihitaji kusomewa. Mwalimu alirekodi, akapeleka Dodoma kwa Sudi, nakala ikakabidhiwa utingo wa basi la Arusha, na ile ya asili ikabaki kwa mama.

"Akajibu?" niliuliza.

"Alimwambia utingo neno moja. 'Nimesikia.' Basi. Baba yake alikufa Oktoba akilitafakari neno hilo."

Usingizi wangu usiku huo haukuwa mzuri, nalaumu pia mbu.

Ijumaa, jua lilipochomoza, Mwalimu alinipakia kwenye baiskeli tukaenda upande wa pili wa majaruba. Sehemu kubwa ya njia ni sisi tulioibeba baiskeli. Nilijifunza njiani salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", nikaisema vibaya mlangoni mwa nyumba ya tembe, na mwanamke mrefu mwenye kaniki akatoka akiitikia kwa adabu kana kwamba nimesema sawasawa.

"Shikamoo, mama," nikarudia kwa Kiswahili.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nani huyu, Ndahani, mbona amevaa viatu vya harusi?"

Aliniletea kigoda na kibuyu cha maziwa mgando. Nilipomweleza kwamba wimbo wake unauzwa mjini, nyuma ya nyimbo za watu wengine, nilitegemea hasira. Hakukasirika. Aliuliza maswali. Wanaosikiliza ni watu gani? Wanaelewa maneno? Wanausikiliza wakiwa wanafanya nini? Nilimwambia ukweli, kwamba mimi sikuelewa hata neno moja na kwamba nilikuwa nikipiga pasi. Nikamweleza na orodha yangu.

"Kwa hiyo wewe unawapangia waimbaji nafasi," alisema, akionekana kulipima jambo hilo. "Hebu nipigie hao walionizunguka."

Nikampigia bendi ya dansi, upande A wote. Alisikiliza mikono magotini, kwa makini kuliko mtu yeyote wa kwenye baraza yetu, mkinisikia msinune. Mwisho akasema: "Wanajua kupiga. Ila hakuna wanayemwita. Yona angewapenda. Siku ile ya ng'ombe alikuwa dukani anasikiliza redio ya mwenye duka. Alikuwa kama wewe tu, akisikia muziki miguu haimsikilizi tena."

 Nilimwomba, kama hataona vibaya, anisikilizishe barua yenyewe. Hakuwa ameisikia tangu msiba, betri za redio yake zilikuwa zimekwisha. Akaingia ndani, akarudi na kanda iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe cha kanisani. Hakunipa. Aliitia mwenyewe kwenye redio yangu.

Zeze likaanza. Sauti ni ileile ninayoijua, ila safari hii Mwalimu alinong'ona maana yake. Mama alikuwa akiwataja ng'ombe waliokufa, mmoja mmoja kwa jina na rangi yake, na baada ya kila jina akimuuliza Yona alikuwa wapi. Ulikuwa wapi. Ulitoka bila kunywa maziwa, ulimwachia nani kibuyu chako, ulikuwa wapi. Wimbo mzima ni shutuma, na mimi niliuandikia kwenye karatasi kuwa ni wimbo wa mahaba. Tukafika pale ambapo kwangu unakatika. Nilikuwa nimeuzoea ule mkato kiasi kwamba nilifumba macho kuusubiri.

Haukuja. Zeze lilinyamaza na kanda ikaendelea kuzunguka. Ukasikika ukohozi, kigoda kikisogea, halafu sauti ya mwanamume mzee, karibu sana na kipaza sauti, ikisema maneno machache polepole.

Mama Sechelela alifunika mdomo kwa kaniki. Mwalimu akatafsiri.

"Anasema: 'Yona. Mama yako ameimba aliyoyataka, na mimi nasema yangu. Ng'ombe wamekwisha, yamekwisha. Siku ile kwenye tope nilikuwa nakutafuta wewe, sikuwa natafuta ng'ombe. Rudi nyumbani.'"

 Nilimwambia Mwalimu, kwa sauti ndogo, kwamba kwenye kanda yangu maneno hayo hayamo. Nikamuuliza kama aliisikiliza ile nakala kabla ya kuituma.

"Niisikilize kwa nini? Nilirekodi mwenyewe," alisema. Kisha akaelewa.

Mama Sechelela alituangalia mmoja baada ya mwingine. Hakulia. Aliuliza swali moja, na sijawahi kuulizwa swali zito kama hilo juu ya muziki: "Kwa hiyo mwanangu alisikia mpaka wapi?"

Nikatoa kanda yangu mfukoni nikaupiga ule wimbo wa mwisho. Alisikia mwenyewe jinsi sauti yake inavyouliza ulikuwa wapi, kisha pap. Kimya. Ule ndio ufundi wa hali ya juu nilioupigia makofi.

Nilimwomba anikabidhi kanda niipeleke Dodoma ikanakiliwe upya, nzima. Alikataa, na alikuwa na haki. Sauti ya mumewe haikuwa mahali pengine popote duniani. Mwalimu alijaribu kumbembeleza. Akainuka, akaingia ndani, tukadhani amechukia. Alitoka amevaa viatu vya raba na khanga mpya, kanda imefungwa tena kwenye kitambaa chake na kutiwa kifuani.

"Haitoki mkononi mwangu," alisema. "Kwa hiyo natoka nayo. Twende."

Saa saba mchana tulilipata lori lilelile likirudi na magunia ya samaki wakavu. Dereva alimpa mama nafasi ya mbele, mimi na Mwalimu tukakaa juu ya samaki. Njiani mvua ilitukuta, na kila lori liliporuka kwenye shimo nilikuwa nainama kuchungulia dirishani kwake. Mkono wake haukutoka kifuani. Nilijiona mjinga kwa kuiweka mwaka mzima karatasi yenye nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na papo hapo nilikuwa nataka sana kujua, kama ninavyotaka kujua sasa, nyuma ya nyimbo ngapi ninazozipenda kuna mtu ambaye hajamaliza kusema.

Saa kumi na moja tulikuwa kibandani kwa Sudi. Nilimweleza kwa kifupi. Alikuna kichwa.

"Mimi maneno hukata siku zote," alisema. "Wimbo ukiisha watu wakaanza kuongea, nasimamisha. Watu wananunua muziki, hawanunui maongezi. Kazi safi ndiyo hiyo." Aliposema hivyo alimwona mama amekaa kwenye benchi lake, akashusha sauti. "Hakuna aliyeniambia, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nakuambia."

Alitia kanda ya asili deki ya kushoto, tupu deki ya kulia. Mama Sechelela alisogeza benchi hadi magoti yake yakagusa meza. Wimbo ukapita wote, nje wateja wawili wakasimama kusikiliza. Zeze likanyamaza. Na hapo, wenzangu, niliona jambo ambalo sitalisahau: kidole cha Sudi kikanyanyuka chenyewe kuelekea kitufe. Hakukusudia. Kilikuwa kidole cha miaka mingi. Mama Sechelela aliushika mkono ule akaushusha mezani, akaukandamiza pale kwa kiganja chake, na wakakaa hivyo wakati mumewe anakohoa, wakati kigoda kinasogea, wakati anasema, na muda mrefu baada ya kumaliza kusema.

Sudi hakutaka malipo. Alinakili tatu. Moja ilikwenda Mererani Jumamosi alfajiri, kwa utingo yuleyule.

Jumamosi alasiri baadhi yenu mlikuwepo. Bi Tunu alipata kiti chake cha mbele. Kwa mapenzi ya mama mwenyewe sikumweka kwenye orodha, aliponiaga kituoni alisema, "Usinipange, mwanangu, mimi sikushindana na mtu." Basi nilisoma taarabu ya Tanga nafasi ya kwanza, mkanizomea kama nilivyotegemea. Bendi ya dansi ilishuka hadi ya nne, kwa kosa lisilo lao. Kisha nilisoma ile karatasi yangu ya sifa, yote, bila kuruka hata neno, nikawaeleza kila kosa lililomo. Bi Tunu alicheka kwenye ujasiri wa bendi. Kwenye ufundi wa kukatika alikuwa ameacha kucheka.

Nilichojifunza si kikubwa. Nimeacha kusimamisha kanda wimbo unapoisha, naiacha izunguke mpaka ijizime yenyewe. Mara nyingi hakuna kitu, ni mvumo tu. Mara nyingine kuna mtu anavuta pumzi, na mimi hujiuliza alikuwa anataka kusema nini. Sudi naye ameacha kukata maongezi, na wateja wake wanalalamika.

Wiki ya Pasaka Mwalimu Ndahani alikuja mjini kufuata chaki, akapita masjala. Alisimama mbele ya kaunta yangu kofia mkononi. Yona amerudi, alisema. Alifika mchana, kwa miguu kutoka stesheni, na habari za kifo cha baba alizipata mlangoni. Alikaa chini palepale kwenye vumbi akasema, "Nimechelewa, mama."

"Mama mkubwa akamwinua," alisema Mwalimu, "akamwambia: 'Wewe hukuchelewa, mwanangu. Kanda ndiyo iliyochelewa.'"